Rejeta iliyeyuka, AC ikatoweka: Funzo kutoka kwa ndai ya mjomba

Hebu waza hivi. Umepeleka gari gereji lipakwe rangi. Baada ya miezi saba unaenda kulichukua, rangi imetulia, inang'aa hadi unajiona. Unafungua boneti, unachungulia kule mbele, unaona sakafu. Rejeta hakuna. Kava ya feni hakuna. Kompresa ya AC imeng'olewa, kondensa imeenda nayo, na mabomba yamekatwa kwa msumeno.

Msomaji, hii si stori ya kijiweni. Ilimpata mjomba wangu, na gari lenyewe ni Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye pua ndefu, silinda 6 kwa mstari mmoja. Mjomba alikuwa amepanga kuliuza ili mimi nirudi chuo. Niliacha diploma ya uhandisi wa magari nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na hilo silifichi. Mnunuzi alikuja, akatazama lile shimo mahali rejeta ilikuwa, akatikisa kichwa, akasema atatupigia. Hadi leo simu haijalia.

Mwenye gereji alisema, "Mliileta ikiwa hivyo." Hatukuwa na picha wala karatasi iliyotiwa sahihi. Sitaitaja gereji hiyo, kwa sababu bila ushahidi ni neno lake dhidi ya letu. Wewe chukua somo la bure: kabla ya kuacha gari popote, fungua boneti, piga picha kila kona, na umwambie fundi atie sahihi orodha ya vitu vilivyomo.

Lakini kuna swali lilikataa kuniacha nilale. Waliotufanyia hivi waliacha kabureta zote mbili. Waliacha usukani wa awali na vikombe vya magurudumu. Mtu anayejua Datsun angeanza na hivyo, maana kuna watu hulipa doo nzito kuvipata. Kwa nini basi wachukue rejeta na AC?

Mwizi alijua kilo, hakujua gari

Jibu ni shaba. Rejeta za miaka hiyo zilitengenezwa kwa shaba nyekundu na ya njano, zikaunganishwa kwa lehemu. Vipande vya AC vina alumini na shaba. Aliyeng'oa hakuwa anaiba spea za gari la michezo. Alikuwa anaiba chuma cha kupimwa kwa mizani.

Sasa unganisha na habari kubwa. Mei 2024, bei ya shaba katika soko la London ilipita dola 11,000 kwa tani, rekodi ya wakati huo. Hiyo ni zaidi ya dola 10 kwa kilo. Dunia inataka shaba kwa nyaya za umeme na magari ya betri, na njaa hiyo inafika hadi kwa kijana anayesukuma mkokoteni mtaani akiuliza kama una skrapu. Yeye hapati dola 10, anapata makombo tu, lakini makombo hayo yanatosha kumfanya mtu ang'oe rejeta usiku.

Unakumbuka Januari 2022? Nguzo za umeme za laini ya Kiambere kuja Embakasi zilianguka, nchi ikaingia gizani, na uharibifu ukatajwa kuwa chanzo. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Baada ya miezi michache marufuku ikaondolewa, na biashara ikarudi. Kumbuka kwamba sheria ya kudhibiti biashara hiyo ilikuwepo tangu 2015, na inataka mnunuzi awe na leseni. Kama karatasi zingefuatwa kila mahali, rejeta ya mjomba ingeacha alama. Haikuacha. Huenda iliyeyushwa kabla hata hatujajua imetoweka.

Kwa hivyo usifikiri wizi wa nyaya za umeme na wizi wa rejeta ni vitu tofauti. Mizani ni ile ile. Tofauti ni kwamba nguzo ikianguka serikali inahutubia taifa, na rejeta ikiibwa unaambiwa mliileta ikiwa hivyo.

Gari lililopata jina hapa, lakini halina spea hapa

Kinachouma zaidi ni historia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Mehta aliendelea hadi akafikisha ushindi wa mara 5. Vumbi la Afrika Mashariki ndilo lililofanya dunia iamini kwamba gari hili la Japani halikuwa la kupendeza macho tu.

Leo ukitafuta rejeta ya 240Z Nairobi, wauzaji watakuangalia kama unayeuliza bei ya dinosaria. Magari hayo mengi yaliuzwa Marekani, na huko bado kuna watu wanaotengeneza rejeta mpya zake za alumini. Tulipiga hesabu. Usafiri pekee uliumiza. Kisha weka ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya IDF na ile ya reli. Mjomba alifunga simu akaenda kunywa chai.

Mtu akakuambia, si mnunue gari lingine bovu la aina hiyo nje, mlilete, mlichinje? Haiwezi. Kenya haikubali gari la kawaida la mtumba lililozidi miaka 8. Sheria hiyo ina sababu zake, hatutaki kuwa jaa la magari ya wenzetu. Lakini jua matokeo yake: gari kuukuu lililo tayari hapa nchini linabaki bila ndugu wa kulitolea damu. Litatibiwa na mikono ya hapa, ama litakufa.

Grogan, mahali rejeta huzaliwa upya

Ndipo nikajipata Grogan, kule Kirinyaga Road, nikiwa na vipimo nilivyoandika nyuma ya risiti. Fundi mmoja mzee, mikono imeiva kwa lehemu, hakuniuliza gari ni la mwaka gani. Aliniuliza mambo matatu: upana kati ya mabano, bomba la juu liko upande gani, na la chini upande gani.

Rejeta ya zamani ina sehemu mbili kubwa, matangi na kifua. Matangi ni yale masanduku ya juu na chini. Kifua ni ile mirija myembamba yenye mapezi, ambamo maji moto hupita na upepo ukayapoza. Ikiwa matangi yako ni mazima, unabadilisha kifua tu na unarudi nyumbani. Sisi hatukuwa na chochote. Mzee alitafuta matangi ya shaba kutoka pikapu kuukuu, akayakata, akahamisha midomo ya mabomba, akaweka kifua kipya na kulehemu. Mwishowe akaziba midomo yote, akajaza hewa, akaizamisha kwenye pipa la maji. Povu lilitoka sehemu mbili. Akarudia. Mara ya pili maji yalinyamaza.

Kuna mambo alinifunza ambayo nataka uyashike hata kama ndai yako ni Vitz. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu digrii 94, si 100. Kinachookoa injini ni ule mfuniko wa rejeta. Unashikilia presha, na presha inasukuma kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya digrii 110. Mfuniko uliolegea ni bei ya lanchi, lakini unaweza kuua injini kwenye jamu ya Thika Road.

Pili, fundi akikuambia atoe themostati "ndiyo gari lipoe vizuri", mkatalie kwa heshima. Injini inatakiwa ifike joto lake ifanye kazi vizuri. Kutoa themostati ni kuficha ugonjwa. Tatu, kava ya feni si pambo. Bila hiyo, feni huvuta hewa mahali pamoja tu na sehemu kubwa ya rejeta haipati upepo. Yetu ilikatwa upya kwa bati Kamukunji, na inafanya kazi.

AC: hapo ndipo siasa za dunia zinaingia kwenye boneti

Rejeta na AC ni majirani wasioweza kutengana. Kondensa hukaa mbele ya rejeta na huitupia joto lake. Ukirudisha AC huku rejeta ni dhaifu, utapoa wewe na gari lichemke. Ndiyo maana tulianza na maji, AC ikafuata.

AC za magari ya enzi hizo zilitumia gesi ya R12. Gesi hiyo ilipatikana kuwa inakula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaiwekea kikomo. Kwa nchi zinazoendelea, mwisho ulikuwa 2010. Kwa hivyo mtu akikuuzia "R12 original" leo, jiulize anaitoa wapi na ndani ya mtungi kuna nini.

Tulihamia R134a, lakini si kujaza tu na kwenda. Mafuta ya kompresa ya zamani hayachanganyiki na gesi hii, kwa hivyo yanabadilishwa. Pete za mpira kwenye viungo pia. Chujio la kukausha unyevu lazima liwe jipya, maana mabomba yakikatwa na kuachwa wazi kwa miezi, unyevu umeingia kila mahali. Kompresa tulifunga ya Sanden, aina ambayo mafundi wa hapa wanaijua, kwa bano lililotengenezwa na welda. Kisha mfumo ukavutwa hewa yote hadi ukauke, na gesi ikawekwa kwa uzani, chini kidogo ya kiasi cha R12.

Tahadhari moja, na hii usicheke. Kuna watu watakuambia wakuwekee gesi ya kupikia kwa AC kwa sababu inapoza na ni rahisi kupata. Ni kweli inapoza. Pia inawaka. Evapoleta iko ndani ya gari, karibu na miguu yako. Ikivuja ukiwa umefunga madirisha, hakuna haja nimalizie sentensi.

Na bado R134a nayo inaondoka polepole. Haili ozoni, lakini inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko kiasi sawa cha kaboni dioksidi. Mkataba wa Kigali wa 2016 unataka gesi za aina yake zipunguzwe. Kwa kundi la nchi zinazoendelea lenye Kenya, ratiba ni kufungia kiwango kuanzia 2024, kupunguza asilimia 10 kufikia 2029 na asilimia 80 kufikia 2045. Lakini pita gereji za mtaani uone. Fundi anafungua mfumo na gesi inaenda hewani, pssss, kwa sababu hana mashine ya kuinasa na hakuna aliyewahi kumfundisha kuitumia.

Sisi tuko wapi hapo?

Hesabu nilizofanya ni hizi. Tuna sheria kuhusu umri wa gari. Tuna sheria kuhusu vyuma chakavu. Tuna mikataba kuhusu gesi. Zote zinaangalia kitu. Anayeshika kitu hicho kila siku, fundi, anaonekana tu kanjo wakija kumfukuza.

Yule mzee wa Grogan hana cheti hata kimoja. Rejeta za siku hizi ni alumini yenye matangi ya plastiki, zikipasuka unatupa unanunua nyingine, kwa hivyo kazi yake inapungua na vijana hawaji kujifunza. Siku akiacha, ujuzi huo unaondoka naye, na shaba yote iliyobaki itakwenda kwa mizani. Serikali ina mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaosimamiwa na KNQA. Wazo ni zuri. Nilimuuliza mzee kama ameusikia. Akaniuliza kama unalipa.

Nikiulizwa, ningeanza na vitu vitatu. Wanunuzi wa skrapu waandike kitambulisho cha kila anayeleta rejeta, na polisi wakague vitabu hivyo kabla nguzo nyingine haijaanguka. Mafunzo ya kunasa gesi yapelekwe gereji zenyewe badala ya kungojea mafundi waende hotelini. Na vyuo vya ufundi viwaite wazee kama huyu wafundishe, walipwe, bila kuulizwa digrii. Nilikaa chuoni miaka karibu miwili na sikuwahi kulehemu rejeta. Grogan nililehemu siku ya tatu, vibaya, lakini nililehemu.

Gari la mjomba sasa linatembea. Tulipanda nalo Limuru Jumapili, jua kali, AC imewashwa, mshale wa joto haukutingika. Mjomba amelitangaza upya na kuna mtu amesema atakuja kuliona mwisho wa mwezi. Likiuzwa, karo ipo. Mzee naye ameniambia kuna benchi moja tupu karibu na pipa lake la maji, na Jumatatu kuna rejeta ya lori inaingia.

Jumatatu nitaenda. Mengine tutaona mwisho wa mwezi.