MASHINE YA AROBAINI YA MKOPO HATUITAKI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Kuna maneno yanatembea hapa dikoni, na sisi wa kamati ya vyombo tumechoka kuyasikia pembeni, tunayaleta ukutani. Eti mashua yetu inachelewa kwa sababu mashine ni ndogo. Eti tuiuze hii ya 15, tuchukue ya 40 kwa yule mnunuzi wa samaki, naye atatukopesha bila riba. Sisi tunasema hapana.

Tazameni kwanza mashua yenyewe. Ina mita 8, mbao nene, mkuku, juu yake nyavu, barafu na watu sita. Chombo kama hicho hakipandi juu ya maji, kinayapasua. Na chombo kinachopasua maji kina mwisho wake wa mwendo, unaotokana na urefu wake. Kwa mita 8 mwisho ni kama kilomita 12 kwa saa. Ukilazimisha zaidi, chombo kinapanda mlima wa wimbi lake chenyewe: omo juu, tezi chini, nyuma maji yanachemka, vijana wanashangilia, na mwendo ni ule ule. Ya 15 inatufikisha karibu na hapo. Hizo 25 za ziada zitakwenda wapi? Zitakwenda kwenye povu.

Mnasema mbona boti za faiba za majirani zinaruka? Zinaruka kwa kuwa ni nyepesi na chini ni bapa. Zile ya 40 inazifaa. Yetu siyo ile.

Na povu linanunuliwa, ndugu zangu. Mashine ya 15 ya kuchanganya oili, ikifunguliwa yote, inakunywa kama lita 6 za petroli kwa saa. Ya 40 inakunywa 15 au kuzidi. Kwenda saa mbili, kurudi saa mbili: lita 24 kwa lita 60. Lita 36 zaidi kila safari! Zidisheni wenyewe kwa bei ya leo. Atatokea mtu aseme, si lazima kuifungua yote. Sawa, lakini kama ya 40 utaiendesha kama ya 15, umeinunulia nini?

Tena ya 15 mtu mmoja huitwika begani akaenda kulala nayo nyumbani. Ya 40 inapita kilo 70. Itabaki dikoni usiku, na wezi wa mashine tunawajua walivyo. Ubao wa tezi nao haukuchongwa kwa mzigo huo.

Yuko pia fundi anayesema ataifungua hii hii ya 15 iwe kubwa. Ni kweli zipo mashine za 9.9 zenye silinda sawa na za 15 za kiwanda hicho hicho, tofauti kubwa ni kabureta. Mashine hiyo imebanwa tu, ukibadilisha inafunguka. Lakini yetu ndiyo hiyo iliyokwisha funguliwa! Kinachobaki ni kukwangua kichwa cha injini, na pistoni ikiungua katikati ya bahari fundi atakuwa kwake anakunywa chai.

Sasa tuje kwa mkopeshaji, maana ndiko lilipo jambo lenyewe. Hataki riba kwa sababu riba yake ni samaki. Wote wauzwe kwake, kwa mzani wake, kwa bei atakayotaja yeye, mpaka deni liishe. Na litaishaje, ikiwa petroli ya kuilisha hiyo 40 nayo tutaikopa kwake? Hilo ni dema: mlango wa kuingia mpana, wa kutoka haupo. Ushirika huu tuliuanzisha ili tupime samaki kwa mzani wetu. Leo tuurudishe mzani kwa mtu kwa ajili ya povu?

Wanaosema tunaogopa maendeleo watazame chini ya mashua. Haijapandishwa nchi kavu kwa miezi, imeota vichaza na majani ya bahari. Hicho ndicho kinachotuchelewesha. Ikwanguliwe, ipakwe shahamu upya. Rafadha imekatika jino. Inunuliwe ya chombo kizito, ile isiyosogea mbali kwa kila mzunguko lakini inasukuma kwa nguvu. Upepo ukiwa wa nyuma, tanga lipandishwe, mashine ipumzike. Hata kitabu cha FAO cha mwaka 2012 kuhusu kuokoa mafuta kwenye vyombo vidogo vya uvuvi kinashauri kupunguza mwendo.

Mkutano ni Jumamosi baada ya alasiri. Anayeitaka ya 40 aje na mahesabu yake yameandikwa. Na masharti ya mkopo yaletwe kwa karatasi yasomwe kwa sauti mbele ya wote, siyo kusimuliwa.

Kamati ya Vyombo