Kompyuta ya Marehemu

Hapa Kiembe Samaki kompyuta mpakato kuukuu ya marehemu baba yetu iligoma kuwaka, na ndani yake mlikuwamo orodha ya madeni yake. Deni hulipwa kabla ya wasia na mirathi. Hatukuthubutu kugawa kitu. Tulichomoa chaja, tukatoa betri, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliosalia utoke, kisha tukachomeka chaja peke yake. Ikawaka! Betri iliyochoka ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Hata isingewaka, diski huweza kutolewa ikasomwa katika kompyuta nyingine. Fundi asiruhusiwe kuifuta kabla ya kunakili yaliyomo. Sisi tumekwisha kunakili. Jina la kwanza ni la mchuuzi wa samaki, shilingi 40,000.