Tupa Iliyostahili Kutupwa

Juma hili twasema juu ya tupa. Tuliiona kwa macho yetu katika kibanda cha seremala mmoja huko Kasulu. Ilikuwa mpya, imefungwa katika karatasi ya kung'aa kama peremende. Seremala alitaka kuunoa msumeno wake. Akaisukuma mara ya kwanza, ikapiga kelele. Mara ya pili, ikanyamaza. Mara ya tatu akaigeuza atuonyeshe: meno yote yamelala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Kumbe msumeno ndio ulioila tupa! Tukacheka sana, naye akacheka, kisha akatuuliza swali lililotukata kicheko: "Sasa, mabwana, meza ya watu nitaimaliza kwa meno yangu?"

Mtu asiyepata kushika randa hudhani kwamba mafundi ni watu wa maneno tu. Leo kesho, kesho mtondo. Wala hatusemi kwamba mafundi wote ni wakweli. Wapo waliokula arubuni ya kitanda tangu mavuno ya mwaka jana, na kitanda chenyewe bado kimesimama msituni kina majani. Hao hatuwatetei. Lakini yule mwenye nia njema naye hana raha. Anainua nyundo, kichwa kinaruka kwa jirani na mpini unabaki mkononi. Anasukuma randa, jino linarudi nyuma, ubao unatoka una mawimbi kama Ziwa Tanganyika wakati wa upepo. Akipata mbao za mvule ndipo ataona mambo, maana mvule hukusanya chokaa ndani yake ikawa jiwe kabisa, nalo halionekani mpaka limekwisha kuvunja makali. Akienda kuazima msumeno kwa mwenzake, atajibiwa kwamba umeazimwa na mtu aliyeuazima kwa mwingine.

Huko Kibondo tulikuta fundi wa baiskeli akipigana na nati. Baiskeli ilikuwa ya zamani, nati yake ya nusu inchi. Spana aliyokuwa nayo ni ya milimita 13. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti ni ndogo kuliko punje ya ulezi, lakini yatosha. Spana ikazunguka, nati isizunguke, pembe zake zikaliwa mpaka ikawa mviringo kama shanga. Mwenye baiskeli, ambaye mkungu wake wa ndizi ulikuwa ukimngoja kando ya njia, akamwambia fundi, "Mzee, naona spana yako inacheza ngoma." Mwisho wake ilikuwa tindo na nyundo, na nati ikafa.

Mambo haya yanachekesha, lakini yana historia yake. Wakati wa ukoloni nchi ya Buha ilifanywa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandika vibarua, ile SILABU, na Waha wengi wakapelekwa Tanga na Morogoro kuwa manamba. Chombo walichokabidhiwa huko ni kisu cha kukatia mkonge. Hakuna aliyetaka Mha ajue kutumia randa wala jiliwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Kasulu na Kibondo zilibaki juu huko milimani, mbali na karakana zote.

Tangu hapo yamefanyika mengi, na si haki kuyaficha. SIDO iliundwa mwaka 1973. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975. VETA ikaja mwaka 1994. Vijana wanajifunza, na wanajua. Tatizo letu ni siku ya pili baada ya cheti. Kijana anajiunga na wenzake, wanaomba mkopo ule wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Wananunua vyombo kwa bei ya chini, wakidhani wameokoa fedha. Mwezi wa pili randa imekufa. Deni bado lina afya njema. Kisha tunawaita vijana hao wavivu! Sisi twakataa neno hilo.

Tupa si chuma chochote. Sharti chuma chake kiwe na kaboni ya kutosha, kichomwe mpaka kiwe chekundu, kisha kipozwe ghafula ili kiwe kigumu. Tupa isiyopitia njia hiyo ni sanamu ya tupa. Na mambo haya si siri ya Ulaya. Mfua chuma mmoja huko huko Kibondo alitutengenezea jino la randa mbele yetu, kwa kipande cha springi ya lori. Alilifua, akalichoma, akalizamisha katika mafuta ya mawese, kibanda kizima kikanuka kama jikoni, kisha akalipasha tena taratibu lisije likavunjika. Lilikata mninga tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kunolewa. Gogo la randa alilichonga seremala mwenyewe.

Kwa hiyo tunasema wazi. Kikundi cha vijana kisipewe fedha na kuachwa peke yake mbele ya duka. Na kiende na fundi mzee, achague yeye, na kila chombo kijaribiwe juu ya ubao mgumu kabla fedha haijatoka mfukoni. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, litazame tupa na misumeno kwa jicho lile lile linalotazamia unga na saruji. Na wafua chuma wa Kasulu na Kibondo wapewe kazi ya kutengeneza meno ya randa na patasi kwa ajili ya vyuo vyao wenyewe.

Ile tupa tuliyoianza nayo, seremala wetu hakuitupa. Ameifanya komeo la mlango wa kibanda chake, na asema kwa kazi hiyo haina kosa.