Gari la umeme likifika Same

Arusha haikusubiri kusimuliwa habari za magari ya umeme. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilileta gari la safari la umeme, lililotangazwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki, likichajiwa kwa nguvu ya jua. Tangu hapo wapo mafundi wanaoshusha injini za dizeli kwenye Land Cruiser na kufunga mota na betri. Watalii wamefurahi: gari halingurumi, tembo hashtuki.

Lakini gari la safari lina bahati yake. Jioni hurudi kambini kwenye chaja ya tajiri wake, asubuhi huondoka limejaa. Mkazi wa Njiro au Sakina anayetaka kwenda Dar es Salaam na gari lake hana kambi ya kurudi.

Chukua Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani. Toleo la 2011, lenye betri ya uniti 24, lilipimwa Marekani likiwa jipya kabisa na kukadiriwa kwenda kilomita 117. Kuzunguka Meru halina shida: Tengeru, Usa River, hadi lango la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kurudi mjini, chaji inabaki. Moshi, kilomita 80, linafika. Same, mbele zaidi kwenye barabara ya Dar, halifiki, na hapo tunazungumzia gari likiwa jipya. Betri yake haina mfumo wa kupoozwa, hivyo joto huichosha mapema. Magari ya sasa yenye uniti 60 yanaipita Same bila wasiwasi, ila Dar ni zaidi ya kilomita 600. Njiani lazima yachajiwe.

Wapi? Vituo vya umma vya kuchaji nchini ni vichache, na vingi kati ya hivyo viko Dar es Salaam. Kinachobaki ni kuomba. Dereva anaingia nyumba ya wageni, kebo inapitishwa dirishani hadi soketi ya jikoni, mwenye nyumba anakodolea macho mita ya LUKU namba zinavyoshuka. Soketi ya kawaida hutoa kama kilowati tatu, kwa hiyo betri ya uniti 60 iliyokwisha itahitaji saa ishirini kujaa. Kwa Sh356 kwa uniti, ni kama Sh21,400, nafuu kubwa mbele ya petroli ya safari hiyohiyo. Kinachouma si pesa. Ni siku nzima kupotea, na aibu ya kuwamalizia watu umeme wao.

Hata chaja ikipatikana, kuna balaa la plagi. Magari ya Ulaya hutumia CCS2, ya China GB/T, Leaf CHAdeMO. Sheli haijawahi kumuuliza dereva gari lake limetengenezwa wapi.

Waliotangulia wameshaumia. Nchini Marekani, utafiti wa J.D. Power wa 2023 ulionyesha kuwa karibu mara moja kati ya tano, dereva aliyefika kituoni aliondoka bila kuchaji. Uingereza ikatunga kanuni mwaka huohuo: mitandao ya chaja za kasi lazima ifanye kazi asilimia 99 ya muda, na mteja alipe kwa kadi bila kulazimishwa kupakua programu. Umoja wa Ulaya ukataka chaja za kasi kila kilomita 60 kwenye barabara zake kuu. Kwa kipimo hicho, Arusha hadi Dar ni vituo kama kumi. Kumi tu!

Kisingizio cha uhaba wa umeme nacho kimepungua nguvu. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na njia ya kilovoti 400 kutoka Singida kwenda Namanga na Kenya inapita Arusha.

EWURA itangaze plagi ambazo kila kituo cha umma lazima kiwe nazo, kabla kila mwekezaji hajaja na yake. TANESCO na wenye sheli waanze pale mabasi yanaposimama tayari, Same, Mombo, Chalinze, kisha Babati na Karatu. Kila kituo kiwe na chaja mbili, maana moja ikiharibika usiku dereva amekwama. Malipo yawe kwa Lipa Namba, na awepo mhudumu wa kuulizwa. Barabara ya Arusha hadi Dar iwe ya kwanza.