Mtaa si shamba la mtia nia

Wapambanaji wenzangu, leo sitaongea habari za CCM. Leo nataka tujisemee sisi wenyewe, na najua kuna watu watanuna. Wanune tu.

Novemba 2024, siku ya tatu ya kampeni za serikali za mitaa, nilibisha hodi kwenye nyumba moja ya uswahilini hapa Dar. Akatoka mama na mwiko mkononi, akaitazama fulana yangu, akasema: "Mwanangu, nyie ni wa nne tangu juzi. Kwani hamuambiani?" Nikamwomba radhi, nikaondoka na aibu yangu. Nikavuka mfereji. Upande wa pili nikamkuta mzee amekaa barazani. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniambia kwamba tangu ahamie pale hajawahi kumuona mtu wa chama chetu mlangoni kwake. Hata siku moja. Na huo mfereji unauruka kwa hatua mbili!

Sasa jamani, hilo tumlaumu nani? Msimamizi wa uchaguzi? Polisi?

Hebu tupige hesabu. Kampeni zilikuwa siku saba tu, tarehe 20 hadi 26. Mlango mmoja, ukimsikiliza mtu na siyo kumtupia kipeperushi na kukimbia, unakula dakika kumi. Watu wengi wanarudi kutoka kwenye mihangaiko jioni, kwa hiyo una saa tatu hivi za maana. Hiyo ni milango 18 kwa jioni moja, na milango 126 kwa siku saba, kwa kila jozi ya vijana. Mtaa wenye milango elfu moja unahitaji jozi nane. Sisi tulikuwa vijana 22, yaani jozi 11. Tulitosha na chenji ikabaki. Bado nusu ya mtaa haikuguswa.

Kwa nini? Kwa sababu maeneo yaligawiwa kwa maslahi. Kwenye kikao cha kugawa, waliokaa mbele walikuwa watu wenye nia ya udiwani mwaka 2025. Kila mmoja akavuta upande wa barabarani, kwenye wanachama wengi, maana huko ndiko kwenye wajumbe watakaopiga kura za maoni. Kule bondeni, kwa wapangaji na mama ntilie, hakuna aliyekutaka. Sisi wasichana sita tukaambiwa tubaki ofisini, tupike chai na kupiga picha za kurusha mtandaoni. Nilipouliza nani ana orodha ya nyumba, nikajibiwa, "Binti, sheria zako peleka mahakamani." Watu wakacheka. Nikatoka mwenyewe na daftari langu, ndiyo maana nikamkuta yule mama.

Nasema wazi: mtaa si shamba la mtia nia. Anayepangiwa eneo amepewa kazi, hajapewa hati ya kumiliki watu.

Najua jibu lenu, nimelisikia sana: "Wewe dada unahangaika na mifereji wakati wenzetu wameenguliwa. Hata tungebisha hodi kila mlango, tungeshinda?" Ni hoja nzito, siidharau. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla hata ya kampeni, na matokeo yaliyotangazwa yaliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya wenyeviti wa mitaa. Hakuna mgawanyo wa maeneo unaofuta dhuluma ya namna hiyo.

Lakini fikirini tena. Oktoba 2024 watu waliandikishwa kwa siku kumi kwenye daftari la wakazi, kisha orodha zikabandikwa ili wananchi wazikague na kuweka pingamizi. Tulilalamika kwamba kuna majina hewa. Sawa. Kwenye pingamizi utasema nini? "Nahisi"? Ukihisi, utafukuzwa. Anayeweza kusema "jina hili halina mtu, nyumba hii nimeingia, vyumba sita nimevihesabu, wakazi wake nawafahamu" ni yule aliyepewa eneo dogo na akalizunguka lote. Huyohuyo ndiye wakala anayejua sura za watu siku ya kura. Huyohuyo ndiye shahidi ukienda kudai haki. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza anajua kwamba anayedai lazima athibitishe. Sisi tunapeleka hasira, halafu tunashangaa kushindwa.

Na wenzetu upande wa pili hawalali. Mfumo wa nyumba kumi uliwekwa na TANU miaka ya 1960. Vyama vingi vimerudi tangu 1992, lakini mpaka leo kuna mtaa ukihama unaambiwa kwanza ukajitambulishe kwa mjumbe, ambaye ni kiongozi wa chama. Tunaubeza mfumo huo, na kweli unastahili kupingwa, kwa sababu unachanganya chama na dola. Lakini kitu kimoja wanacho na sisi hatuna: kila nyumba ina mtu anayewajibika nayo. Sisi tuna grupu la WhatsApp.

Tufanye nini basi? Mimi nina mambo manne.

Kwanza, tugawe kwa milango, tuache kugawa kwa macho. Nyumba ya kupanga ina mlango mmoja wa mbele na familia sita ndani. Ukiongea na mwenye nyumba barazani ukaondoka, umeacha kura kumi chumbani. Tuhesabu vyumba, halafu tukate maeneo kwa mipaka ambayo kila mtu anaijua: mfereji, msikiti, njia ya bodaboda. Milango isizidi 120 kwa jozi.

Pili, jozi iwe na mwenyeji mmoja na mgeni mmoja. Mwenyeji anajua nani kafiwa na nani ana mbwa mkali. Mgeni anasaidia pale mwenyeji alipogombana na jirani kwa ajili ya maji taka. Na wasichana tuingie kwenye jozi kama watu wengine, siyo chai. Kuna milango ambayo jioni, baba akiwa hayupo, kijana wa kiume hafunguliwi. Mimi nafunguliwa. Ila asipangiwe msichana peke yake vichochoro vya giza halafu mseme mmetoa usawa.

Tatu, mtia nia asipange maeneo wala asishike daftari. Mgawanyo ubandikwe ukutani pale ofisi ya tawi, kila mtu aone nani yuko wapi.

Nne, na hili ndilo linaniuma zaidi. Baada ya kura, daftari langu lilichukuliwa na mmoja wa wale wakubwa, eti kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa nauli. Ndani yake kuna majina ya watu, namba za simu, na nani kaniambia atampigia nani. Yule mzee wa ng'ambo ya mfereji aliniambia mimi kwa siri, hakumwambia mtia nia. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayaweka maoni ya kisiasa kwenye kundi la taarifa nyeti. Tunapiga kelele serikali isituchungulie, huku sisi tunabeba siri za raia kwenye mfuko wa suruali ya mtu mmoja. Daftari likae kwa katibu, lifungiwe, na mtu akisema "msiniandike" asiandikwe.

Kikao cha kugawa maeneo kitaitishwa tena, na wale wale watakaa mbele. Ombi langu kwenu ni dogo. Kabla hamjapokea fulana, simameni muulize: orodha ya milango iko wapi, nani kapangiwa bondeni, na daftari la 2024 liko kwa nani? Wakicheka, ulizeni tena.

Mimi eneo langu nimeshalichagua, ni ng'ambo ya mfereji. Yule mzee nilimuahidi nitarudi, na sitaki akaniambie mimi ni wa kwanza na wa mwisho.

Tukutane mtaani.