Kisahani cha Tatu

Ukitaka kumjua mtu, usimtazame tu katika lile analoliweza. Mtazame pia katika lile linalomshinda.

Tarehe 28 Septemba 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, Erki Nool wa Estonia alikuwa katika siku ya pili ya dekathloni: michezo kumi ya kukimbia, kuruka na kurusha, alama zikijumlishwa. Silaha yake kubwa ilikuwa kuruka kwa upondo. Lakini kabla ya upondo kuna kisahani. Alirusha mara mbili, zote zikakataliwa. Mara ya tatu na ya mwisho, bendera nyekundu ikapanda tena, kwamba mguu umegusa ukingo wa duara. Maana yake sifuri. Nool akalalamika, refa akabatilisha uamuzi ule, mita 43.66 zikahesabiwa. Timu nyingine zikakata rufaa, zikashindwa. Akatwaa dhahabu kwa alama 8,641, akimzidi Roman Šebrle wa Jamhuri ya Cheki kwa alama 35 tu. Kisahani kile peke yake kilimpa zaidi ya 700.

Wapo wanaosema dhahabu ile aliipewa na refa. Sikubaliani nao. Kulalamika kwa utaratibu ni haki ya kila mchezaji. Na baada ya hapo hakuna refa aliyemrukia upondo, aliyemrushia mkuki wala aliyemkimbilia mita 1,500. Mwaka uliofuata, huko Edmonton, alipata alama nyingi zaidi, 8,815, akawa wa pili duniani. Huyo si mtu wa kubahatisha.

Aristotle, katika Retorika, aliwasifu wanamichezo wa michezo mitano kuwa wazuri kuliko wote, kwa sababu miili yao ilifaa kwa nguvu na kwa mbio pia. Sisi wanafunzi wa falsafa tunaipenda sifa hiyo, lakini kila mmoja ana kisahani chake anachokikwepa. Mimi changu ni mantiki. Mwaka wa kwanza nilianguka mtihani wake, nikaanza kujificha nyuma ya insha zangu nzuri. Mlezi wangu akaniambia nirudie. Nilirudia, nikapata alama za wastani tu.

Wastani si aibu. Nool hakuhitaji kuwa wa kwanza katika kisahani. Alihitaji kutokukiacha.