Gitaa la Besi la Kwanza: Mnunuzi Atazame Shingo Kabla ya Rangi

Watu wengi wapendao muziki huisikia besi bila ya kujua kwamba wanaisikia. Katika rumba ya Kongo na katika benga ya Kenya, mwimbaji na mpiga solo ndio wasifiwao, lakini miguu ya wachezaji huifuata besi. Siku inapokosekana, dansi hupooza kama mchuzi usiotiwa chumvi. Kwa hiyo kijana ajifunzaye besi kwa bidii hakosi mahali pa kupiga, iwe ni kanisani au katika bendi, maana wapendao kupiga solo ni wengi, na wanaokubali kusimama nyuma na kushika besi ni wachache.

Lakini baadhi ya waanzao huacha upesi, kwa sababu ambayo si kosa lao. Hununua gitaa bovu kwa kuwa ni rahisi na rangi yake inang'aa. Nyuzi zake ziko juu mno, vidole vinauma, na sauti zinakwenda upogo hata akibonyeza mahali panapofaa. Mwanafunzi hudhani kwamba mikono yake ni mizito au kwamba hakuzaliwa na kipaji, naye hulitundika ukutani. Kumbe ubaya ulikuwa wa gitaa. Hasara hiyo ni mbili: fedha zimepotea, na mpigaji naye amepotea.

Ala hii si ya zamani sana. Kabla yake, besi ilikuwa ni fidla kubwa ya kusimama, ndefu kama mtu, ngumu kuchukuliwa safarini, na isiyosikika vema kati ya tarumbeta na ngoma. Mwaka 1951, Leo Fender wa California, Marekani, alitoa gitaa la besi la umeme aliloliita Precision, maana yake usahihi. Lilikuwa na nyuzi nne, na shingoni mlipigiliwa vyuma vidogo vya kukingama, ili kidole kikibonyeza karibu na chuma sauti itoke sawasawa. Urefu wa uzi upigwao ulikuwa inchi 34, karibu sentimeta 86, na kipimo hicho ndicho kifuatwacho na watengenezaji wengi mpaka leo.

Habari hiyo ina faida kwa mwenye fedha kidogo. Kwa kuwa umbo la gitaa la besi limebadilika kidogo tu tangu siku zile, gitaa la bei nafuu ni ndugu wa lile la bei kubwa. Kampuni ya Fender yenyewe ilianza mwaka 1982 kutoa magitaa ya bei ya chini yenye jina la Squier. Yamaha na Ibanez nao hutengeneza besi za wanafunzi ambazo mtu aweza kupigia kwa miaka mingi. Hapana haja ya kukopa fedha nyingi ili kupata ala ifaayo. Haja ni kujua kuchagua.

Jambo la kwanza ni kugawanya fedha kabla ya kwenda dukani. Gitaa la besi halitoshi peke yake, maana bila spika husikika kama mnong'ono. Mnunuzi na aweke akiba kwa ajili ya spika ndogo ya besi, waya wa kuunganishia, mkanda wa begani na mfuko wa kuchukulia. Anayetumia fedha zote kwa gitaa hurudi nyumbani na jembe lisilo na mpini. Spika iliyotengenezwa kwa gitaa la kawaida yaweza kutumika kwa sauti ya chini, lakini ikipandishwa sana mtikiso wa besi huweza kuipasua. Palipo na majirani wa karibu, kifaa kidogo cha kusikilizia masikioni chafaa kwa mazoezi, tena vingine hutumia betri, hata pasipo na umeme mtu aweza kujifunza.

Jambo la pili ni kuchagua aina. Besi ya nyuzi nne yamtosha mwanzaji. Ile ya nyuzi tano huongeza sauti nzito zaidi, lakini shingo yake ni pana na humchosha asiyezoea. Mwenye mikono mifupi, au mtoto, aweza kutafuta besi yenye uzi wa inchi 30, ambayo vyuma vyake vimekaribiana. Kisha aulize kama gitaa latumia betri ndani yake au halitumii. Lenye betri hupotewa na sauti betri ikiisha, na betri hiyo huendelea kuliwa wakati wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hakuna apigaye. Lisilo na betri lina mambo machache ya kuharibika, nalo ni jema kwa anayeanza.

Je, anunue jipya au lililokwisha kutumika? Jipya lina hati ya duka, na likiwa na ila laweza kurudishwa. Lililotumika hupatikana kwa bei ya chini, na kwa bei ya jipya duni mtu aweza kupata la zamani lililo bora kuliko hilo. Lakini anunuaye ng'ombe mnadani hatazami ngozi peke yake: hufungua kinywa, hushika kiwele, humtembeza. Na gitaa ni vivyo hivyo.

Aanze na shingo. Alishike gitaa kama anayelenga shabaha, atazame toka kichwani kuelekea mwilini. Shingo iliyopinda kidogo sana kwenda mbele si mbovu, kwa kuwa uzi wahitaji nafasi ya kutikisika. Kisha abonyeze uzi kwenye chuma cha kwanza na kwenye cha mwisho kwa wakati mmoja, aangalie katikati: nafasi iwe nyembamba kama unene wa karatasi ngumu. Ikizidi, ndani ya shingo mna fimbo ya chuma ambayo fundi huikaza au kuilegeza kwa ufunguo mdogo, na kazi hiyo si kubwa. Lakini shingo iliyojisokota kama kamba, au yenye ufa karibu na kichwa, au ambayo skrubu ya fimbo yake yazunguka bure bila kukaza, iachwe. Bei yoyote ni ghali kwa shingo hiyo.

Baadaye apige kila uzi kwenye kila chuma, polepole, akisikiliza mahali panapovuma kama nyuki au panapokufa sauti. Halafu apige uzi mtupu, kisha aubonyeze kwenye chuma cha kumi na mbili. Sauti ya pili yapasa kuwa ileile, ila ya juu zaidi. Programu ya kupimia sauti katika simu yamtosha kuhakikisha. Mwisho achomeke waya na kuzungusha vifundo vya sauti. Vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu lisafishikalo, lakini ni sababu njema ya kuomba bei ipungue. Nyuzi kuukuu nazo si ila kubwa, ingawa nyuzi za besi si rahisi, na gharama yake ihesabiwe katika bei. Asiyejua kupiga aende na mwalimu au mpigaji amjuaye, wala asimtegemee muuzaji kuwa mshauri wake.

Hapo pana hatari nyingine. Magitaa huibwa, na sheria ya Kenya humwadhibu apokeaye mali ya wizi akijua. Mnunuzi aombe hati ya ununuzi wa kwanza, aandike namba iliyo kwenye gitaa, na wote wawili watie sahihi kwenye karatasi ya mauzo. Muuzaji asiyeweza hata kueleza alikolipata, tena anayeharakisha fedha zitolewe kabla jua halijachwa, aachwe aende zake. Jina kubwa lililobandikwa kichwani nalo si ushahidi, kwa kuwa majina huigwa.

Likishanunuliwa, gitaa litunzwe. Lisiachwe ndani ya gari juani wala karibu na moto jikoni, maana mbao hukauka na shingo hupinda. Nyuzi zifutwe jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, hasa katika miji ya pwani ambako hewa ya chumvi hula chuma.

Wazee walisema rahisi ni ghali, nao walisema kweli, ila haimaanishi kwamba ghali daima ni bora. Gitaa lenye mikwaruzo mwilini na shingo iliyonyoka litamfundisha mtu kupiga. Lenye rangi ya kupendeza na shingo mbovu litamfundisha kukata tamaa.